Bogenvilia Nyeupe ya Mbuvi

Kaloleni, Voi
6 Oktoba 1996

Sumayya binti Sheikhan, huko maabara Nairobi,

Hii barua imetoka kwa Mbuvi, jirani yenu wa nyuma, yule wa reli. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu Musyimi alitaka kuniandikia nikamwambia akae na chaki yake, nilichotaka kwake ni anwani yako tu. Herufi nilisoma kwa mabehewa, ndiyo sababu ni kubwa, lakini hakuna mtu amewahi kushindwa kusoma behewa.

Mimi na baba yako hatusalimiani tangu tugombanie bomba la maji la mtaa. Hiyo ni ya wazee, isikuingie. Wewe nilikuona ukienda shule soksi zimeshuka, sina neno na wewe.

Jambo ni hili. Nina bogenvilia ambayo hakuna mtu mwingine anayo. Si Voi, si Mombasa, wala kwa wazungu. Ile ya zambarau unaijua, iko kila ua, hata kwenu. Yangu ni nyeupe, na pembeni ina wekundu kidogo, kama maziwa imedondokewa na damu. Nimeitengeneza mimi. Ilianza kama ya watu wote, mimi nikaimwagia maji ya kuosha matumbo ya mbuzi mpaka tawi moja ikaogopa ikabadilika. Hilo tawi ndilo tukakata tukapanda, na ikikatwa tena inatoka nyeupe vile vile. Hakuna mtu mwingine angefikiria hiyo.

Sasa Alexander, yule kijana wa Werugha anayeuza miche, aliiona akasimama kama ng'ombe ameona gari moshi. Akasema kuna kampuni ya maua huko Limuru inaweza kuichukua na kuiandikisha, iuzwe mpaka ng'ambo kwa jina nitakalotaka. Lakini kwanza watu wa maabara wapime, waseme kweli hii ni aina ya peke yake. Nikamwambia mtu wa maabara ninaye, nimemuona akizaliwa.

Jina nimeshachagua. Itaitwa Mbithe, kama mke wangu. Nataka mtu akiwa huko Ulaya akiiona aseme, hii ni Mbithe.

Nijibu upesi. Mimi nakula, nalala.

Mbuvi wa reli


Nairobi
19 Oktoba 1996

Mzee wangu Mbuvi,

Shikamoo. Barua yako niliipokea kwa furaha nikawasomea wenzangu ile sehemu ya mabehewa. Nashukuru kwa kunitenga na mambo ya bomba.

Kazi unayoitaka ndiyo kazi tunayoifanya hapa. Ndani ya kila jani mmea umebeba urithi wa ukoo wake, ule unaoitwa DNA. Sisi tunalisaga jani, tunautoa ule urithi, tunaukuza sehemu chache chache, kisha tunautandaza kwenye rojo kama uji ulioganda. Hutokea mistari, mmoja juu ya mwingine. Hizo ndizo alama. Mimea miwili ya aina mbalimbali itatofautiana mistari, hata kama kwa macho inafanana.

Ili nilipime ua lako lazima niwe na mengine ya kulilinganisha. Naomba majani machanga ya namna tatu: la kwanza lako, la pili la ile bogenvilia ya stesheni, la tatu la bogenvilia ya uani kwetu, maana mama husema hiyo ndiyo ya zamani kuliko zote mtaani. Najua la tatu ni zito kwako. Ukimwona mama peke yake mlangoni, mwombe, atakuchumia. Kila jani litie katika bahasha yake uandike namba. Nimekutumia na chembechembe fulani nyeupe za kukausha; zitie humo bahashani pamoja na majani.

Mpe mama Mbithe salamu zangu nyingi. Mwambie nimefurahi kusikia ua litachukua jina lake. Bado naikumbuka sauti yake akiimba nyimbo za kanisani huku anafua.

Mwanao,
Sumayya


Voi
11 Novemba 1996

Sumayya,

Majani ndiyo hayo. Namba moja yangu. Namba mbili ya stesheni, askari aliniuliza nachuma nini, nikamwambia mimi nimetandika mataruma ya kulalia reli hapa kabla mama yake hajaolewa. Namba tatu ya kwa baba yako. Usiniulize nimeingiaje.

Nimeyakausha juu ya bati kama vile sisi hukausha majani ya kunde. Yamekauka vizuri, hata ungeweza kupika. Ile mbolea yako ya vidonge nimeweka kwa shina la maua, asante, ingawa sioni ikiyeyuka.

Hiyo mistari umesema nimeielewa kuliko unavyofikiri. Ni kama mataruma. Mtu wa reli akionyeshwa picha ya mataruma atakuambia hii ni njia ya Taveta na hii ni njia kuu, sababu nafasi zake si sawa. Kama ningesoma ningekuwa nimekaa kwa kiti chako.

Huku jua ni kali. Mvua imepita juu ikaenda milimani kwa akina Alexander. Mimi namwagilia maua asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja. Watu kwa foleni ya maji wananitazama.

Binti yangu Koki anataka nihamie kwake Mboghoni, anasema huko maji ya mfereji inapita mlangoni. Siendi. Maua itabaki na nani?

Salamu nimeziona.

Mbuvi


Nairobi
16 Desemba 1996

Mzee wangu Mbuvi,

Shikamoo. Zile chembechembe si mbolea, ni za kunyonya unyevu wa majani. Hazitalidhuru ua, lakini hazitalinenepesha pia. Na majani ya kukausha juani hutupa tabu. Yalikuja meusi kama chai. Hata hivyo tulifanikiwa, na nimerudia kazi yote tangu mwanzo ili nisikosee.

Matokeo ni haya. La stesheni ni mbali na mengine, mistari yake ni mingine kabisa. Lakini namba moja na namba tatu hazina tofauti hata ya mstari mmoja. Kwa alama zetu, ua lako na bogenvilia ya kwetu ni mmea mmoja.

Naomba usinikasirikie, mzee wangu. Bogenvilia haipandwi kwa mbegu huku kwetu, hupandwa kwa kukata tawi. Alama zikilingana hivi, maana yake ni kwamba ua lako lilianza kama tawi lililokatwa uani kwetu, zamani, kabla halijageuka rangi. Huenda mama Mbithe anajua lilivyofika kwako. Hebu muulize, kisha uniambie.

Msalimie sana. Mwambie asichoke na maswali yangu.

Sumayya


Voi
2 Januari 1997

Sumayya,

Nimesoma barua yako nikacheka. Wewe umesoma lakini mimi ni mzee wa mjini.

Namba tatu haikutoka kwa baba yako. Mguu wangu haujakanyaga lango hilo tangu mwaka wa bomba na hautakanyaga. Niliichuma hapa kwangu, shina lile lile la namba moja, upande wa choo. Nilikuwa naipima hiyo mashine yako. Nilitaka kujua ina akili au inabahatisha. Imefaulu, mpe pongezi. Imesema moja na tatu ni kitu kimoja na kweli ni kitu kimoja.

Kwa hivyo yale maneno ya tawi kutoka kwenu ni bure. Hapa kwangu hakujaingia kitu cha Sheikhan, hata kijiko. Watu wangu wote niliwakataza, na neno langu linasikika. Andika barua kwa watu wa Limuru useme maua ya Mbuvi haifanani na ya mtu yeyote, tumalize.

Unasema niulize. Sitauliza mtu.

Maua imeanza kugeuka majani, yanakuwa njano. Ni hili jua. Nimeongeza maji. Mchana pia naweka. Mzee Kituku jirani ameniambia nina wazimu, watu hawana ya kuoga. Nikamwambia asioge.

Mbuvi


Nairobi
15 Januari 1997

Mzee wangu,

Shikamoo. Umenichekesha mbele ya msimamizi wangu, na msimamizi mwenyewe hakucheka. Yeye ameona kazi ya wiki nyingi imepotea bure.

Siwezi kuwaandikia Limuru kwamba ua lako halifanani na la mtu, kwa sababu sijalilinganisha na la jirani. Lakini Idd naja nyumbani. Nitachuma majani ya bogenvilia ya kwetu kwa mkono wangu, nije nayo Nairobi mbichi katika chombo chenye barafu. Lako ninalo. Zikitofautiana, nitakuandikia barua yenye muhuri, uitundike ukutani.

Nitapita nikuone, na mama Mbithe nimwone. Baba ndiye huniandikia barua za nyumbani, mama hajui kuandika, na baba ya nyumba yako hayataji. Kwa hiyo habari zenu sizipati ila kwako, nawe hunipi.

Sumayya


Nairobi
3 Machi 1997

Mzee wangu Mbuvi,

Sijui nianzie wapi. Nimeambiwa nilipofika nyumbani. Mama alinitazama nilipotaja kwenda kumsalimia mama Mbithe, akaniambia, "Mwanangu, Mbithe ametutoka tangu Agosti." Mimi nimekaa nikikutumia salamu za kumpa, barua baada ya barua. Nisamehe. Pole sana, mzee wangu. Pole sana.

Nilikuja kwako siku ya pili ya Idd. Ulikuwa umenipa mgongo, unamwaga maji kwenye shina. Maji yalikuwa yamejaa pale, hayaingii tena ardhini, nawe unaendelea kumwaga. Nilisimama nyuma ya uzio. Kisha nikarudi nyumbani.

Kazi ya majani nimeimaliza. Safari hii nimechuma mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumpima mwingine. Bogenvilia ya kwetu na ua lako zina mistari sawa, yote. Nimerudia, na mwenzangu amerudia bila kuambiwa lipi ni lipi.

Nikamuuliza mama. Hakunificha. Amesema mama Mbithe alikuwa akija kwetu kila Ijumaa, kwa mlango wa uani, wakati baba yuko msikitini na wewe uko kazini kwenye njia ya reli. Hata ulipostaafu aliendelea, akikuambia anakwenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Tawi lile mama alimkatia mwaka ule ule wa bomba. Alilifunga kwenye kanga, akalipitisha.

Sasa nisikilize habari ya ua. Rangi imegeuka kweli, hilo hukunidanganya. Wakati mwingine tawi moja hubadilika jambo dogo sana ndani yake, mahali pamoja tu, na alama zetu hazipafikii mahali hapo. Ni kama kutazama treni ikipita mbali. Dirisha moja likipakwa rangi nyingine huwezi kujua. Na maji ya matumbo hayahusiki, hutokea lenyewe. Kwa sheria za kuandikisha, ua linalotofautiana kwa macho na kubaki vile likikatwa na kupandwa, laweza kuhesabiwa aina ya peke yake. Kwa hiyo bado laweza kuitwa Mbithe. Lakini ni lazima uwaambie Limuru limetokana na mmea wa nani na liko wapi. Uongo hawataupokea, nami siwezi kuusaini.

Kuna la mwisho. Uani kwetu, karibu na birika, kuna debe la mafuta ya kupikia, na ndani yake limeota ua lako lile jeupe. Mama Mbithe alilileta mwezi wa Juni, alipokuwa ameshaanza kupungua mwili kwa ugonjwa. Alimwambia mama, "Nitunzie hili. Mimi nikiondoka, Mbuvi atalizamisha lile la nyumbani kwa maji."

Mzee wangu, acha kulimwagilia. Bogenvilia hutaka kiu. Majani ya njano ni ya mizizi kuoza.

Mwanao,
Sumayya


Voi
14 Machi 1997

Sumayya,

Mke wangu hakuingia kwenu. Nilimkataza. Mama yako amezeeka, anachanganya watu.

Maua imeanguka majani yote. Nimechimba nikaangalia. Mizizi ni nyeusi na inanuka kama mfereji. Nimeing'oa nikaweka kando ya choo. Shimo bado lina maji.

Koki amekuja kunichukua. Nimemrudisha Mboghoni na gari la asubuhi. Aliniuliza kama nimelia hata mara moja tangu tuzike. Nikamwambia sina nafasi.

Ile kazi ya Limuru iache. Usiandike tena.

Mbuvi


Voi
20 Aprili 1997

Sumayya,

Nilikuambia usiandike na hukuandika. Hiyo ni adabu. Sasa naandika mimi.

Ijumaa nilienda kwenu. Nilingoja mpaka adhana imekwisha nikajua baba yako yuko msikitini, nikapita kwa mlango wa uani. Sikutaka kuongea na mtu. Nilitaka kuona hilo debe kama lipo, nirudi.

Baba yako alikuwa amekaa hapo kwa kiti. Miguu imevimba, siku hizi anasali nyumbani. Hukuniambia. Nilikuwa nimeshaingia na mguu mmoja, nikaona nikirudi nyuma atasema nimekimbia. Kwa hivyo nikaingiza na wa pili.

Akanitazama sana. Akasema, "Umechelewa, Mbuvi. Mkeo Ijumaa alikuwa akifika kabla ya saa hizi."

Nikamuuliza kama alijua. Akasema nyumba ni yake, angekosaje kujua nani anaingia. Alikuwa akichelewa makusudi msikitini ili asije akawakuta, wakaona aibu. Nikamuuliza mbona hakuniambia siku zote hizo, angeweza kunishinda mbele ya watu na hilo neno moja.

Akasema, "Ungemkataza."

Nilisimama. Nikalitafuta debe kwa macho.

Mama yako Khamisa akatoka akaniwekea kigoda. Debe lipo. Maua ni nyeupe na wekundu wake pembeni, imejaa mpaka majani hayaonekani. Ardhi yake ni kavu, imepasuka. Niliingiza kidole. Mama yako akasema huwa anaipa maji akikumbuka, na mara nyingi hakumbuki.

Nikamuuliza Mbithe alikuwa anasema nini hapa, Ijumaa zote hizo. Nilifikiri atasema alikuwa ananisengenya. Mtu kama mimi lazima asengenywe. Mama yako akasema mara nyingi hawakuongea. Walikuwa wanachagua mchele. Basi. Wakimaliza anarudi nyumbani.

Akaleta sinia. Sijui kwa nini, nikapokea. Tulichagua, mimi na yeye, baba yako anatuangalia. Baadaye akavuta kiti chake akachukua upande wake wa sinia, akaniambia naacha mawe. Nikamwambia macho yake ndiyo yana mawe. Habari ya bomba hakuna aliyetaja.

Nilipoinuka, baba yako aliniambia nikate tawi nikapande kwangu. Kisu alikuwa ameshakiweka hapo kwa birika. Nikamwambia hapana, ikae hapo hapo kwa debe. Mbithe aliiweka mahali anajua itaishi. Mimi nitakuja kuiangalia.

Sijalia bado. Nakuandikia hivyo sababu Koki atakuuliza. Niko kama mkono uliolaliwa. Nauona, ni wangu, lakini hausikii kitu.

Sasa sikia kazi. Waandikie watu wa Limuru na utie ule muhuri wako. Jina la maua, Mbithe. Shina ilipotoka, ua wa Sheikhan na Khamisa, Kaloleni, Voi. Baba yako amekubali, amesema kama ni kwenda Ulaya basi heri jina la nyumba yake liende maana yeye hataweza. Hata yeye hujisifu, sikuwa najua.

Pale wanapouliza nani aliipata, usiniandike mimi. Yale maji ya matumbo yafute. Tawi alikatiwa yeye, akaipitisha kwa kanga, akaipanda, na ile nyeupe alianza kuiona yeye, mimi nikaja kuitwa kuangalia. Andika Mbithe hapo pia.

Na wakiuliza huyo Mbithe ni nani, waambie ni mke wa Mbuvi wa reli.

Mbuvi